Ndoo Chini ya Kompresa

Ziwa huingia kiwandani kwetu Igogo
bila kitambulisho, bila kusaini kwa mlinzi.
Hupitia dirisha la chumba cha kompresa,
likavutwa, likabanwa, likashindiliwa,
likapata joto hata likasahau kuwa ni maji.
Bomba likipoa, linakumbuka.

Mimi ndiye niliyepima kukumbuka kwake:
ndoo ya bluu, ya lita ishirini, mpini wa waya,
chini ya koki ya tangi.
Zamu ya mchana, nusu.
Zamu ya usiku, masika, ikafurika.
Maji ya rangi ya kutu, yananuka mafuta na sarafu.
Magesa wa uhasibu akachungulia:
"Mwaga tu, Nkwimba. Maji hayana gharama."
Nikamwaga. Nikaandika daftarini:
lita ishirini, na zilizonyweshwa sakafu.

Gharama ilikuja Alhamisi, saa tisa usiku.
Chumba cha kugandishia, nyuzi thelathini chini ya sifuri:
tone moja, dogo kama punje ya mtama,
liliganda ndani ya valvu
na mlango ukagoma katikati, si wazi, si kufungwa.
Kulipokucha sangara tani mbili walikuwa wamelegea
na hakuna aliyerudia ile kauli ya maji.

Ndipo wakaja wauza vikaushio.
Kamugisha na kile cha baridi:
kinaipoza hewa hadi nyuzi tatu, maji yanadondoka, kwisha.
Bei yake ilimfanya Magesa atabasamu.
Karatasi yake, lakini, iliandikwa kwa chumba cha nyuzi ishirini na tano.
Chumba chetu, saa nane mchana, ni thelathini na tisa.
Yule wa Dar, mwenye koti, akaleta minara miwili:
mmoja unanyonya, mwenzake unatemeshwa alichokunywa,
kisha wanapokezana, usiku na mchana.
"Kiwanda kizima," akasema, "kitakuwa Dodoma mwezi wa Septemba."
Nikauliza minara inakula nini.
Akakohoa. Inakula hewa ile ile,
fungu moja katika kila mafungu saba.
Meneja alitaka minara. Magesa alitaka nafuu.
Hakuna aliyeniuliza mimi, na daftari lilikuwa kwapani.

Jumapili nikaenda Igombe kwa mama.
Nilimkuta ameinamia dagaa,
wengine mchangani, wengine juu ya chanja.
Nikamsimulia minara, nyuzi, umande.
Hakuinua uso.
"Hawa wa mchangani wanakwenda Kirumba kesho,
wataliwa kabla hawajanuka; jua la siku moja linawatosha.
Wa chanjani wanakwenda Kongo.
Hao mpaka walie kama kokoto mfukoni.
Sasa nikiwakausha wote kwa ukavu wa Kongo,
chanja nitazitoa wapi?"
Akanisukumia ungo nipepete.

Jumatatu nikalifuata bomba kwa miguu,
kila tawi nikiliuliza safari yake.
Wewe? Kupuliza meza za minofu.
Wewe? Mashine ya kufunga vifuko.
Na wewe, mwembamba, unayepenya ukuta wa barafu?
Nikachora mstari mwekundu pale:
hewa ya Kongo.

Basi tulinunua cha baridi kwa kiwanda chote,
saizi moja juu, kwa ajili ya zile thelathini na tisa,
na minara midogo, kimo cha mtoto wa darasa la tatu,
kwa tawi lile moja tu.
Chujio la mafuta mbele yake, nililipigania wiki nzima,
maana punje zikionja mafuta hazinyonyi tena.

Mlango wa barafu sasa unafunguka kama kope.
Ila ndoo ya bluu ingali pale, chini ya mashine mpya,
na juzi Magesa aliikuta imejaa, akahamaki:
"Mamilioni yote yale, na bado kuna maji?"

Nikamwambia, hayo ndiyo tuliyoyanunua.