Lambo la Juu

Gari tuliliacha kwenye kizuizi cha mbao,
pale msitu unapokataa magurudumu manne.
Gurudumu moja unaruhusu. Kwa hiyo Vendelín
alishusha toroli la viazi, akalitandika blanketi,
na baba, aliyeapa wiki nzima kwamba haji,
akaketi humo, ufito wa kuvulia mapajani,
kama hakimu aliyenyang'anywa kiti.

"Mkiniangusha, Heda, naanza na wewe."

Kilomita moja na nusu ya mizizi.
Misonobari imebanana,
jua linapita kwa kuchungulia.
Nilifuata nyuma na mkebe wa funza,
mkate, soseji, chupa ya chai,
nikisikiliza kifua chake kikikwaruza
kama koleo kwenye changarawe.
Miaka thelathini na moja chini ya mlima huu
alichimba fedha, asiione fedha.

Halafu miti ikaachana,
maji hayo.

Lambo hili halikujengwa kwa ajili ya samaki.
Wazee wa wazee wetu waliziba vijito kwa udongo
ili maji yashuke, yazungushe magurudumu,
magurudumu yavute maji mengine kutoka mashimoni:
maji kuyafukuza maji.
Mgodi umefungwa. Maji hayajaambiwa.
Yako pale pale, yamejaa mpaka ukingoni,
yanangoja zamu.

Ng'ambo, hema moja la rangi ya chungwa,
na mtu anayekaanga kitu chenye vitunguu.

Baba akarusha mshipi. Mkono ule
unaomwaga supu kila jioni
haukumwaga chochote.
Chelezo kikasimama wima.
Saa ya kwanza. Saa ya pili.
Vendelín alikuwa amelala, kofia usoni,
uyoga wake umejaa ndani ya soksi safi.

Kikazama.

Trauti, madoa mekundu ubavuni.
Baba akamlaza kwenye alama
alizochonga kwa kisu kwenye ufito.
"Amepungua kidole," alisema.
Mimi niliona amezidi. Nikanyamaza.
Akamshika chini ya maji kwa viganja viwili
mpaka samaki akakumbuka kazi yake:
mmeto mmoja wa fedha,
basi.

Akaomba kalamu. Chama cha wavuvi
kinataka kila kitu kitabuni:
tarehe, lambo, samaki, uzito.
Aliandika tarehe. Aliandika: hakuna.
Nilipokipokea nikirudishe mkobani
nikafunua kurasa za nyuma.
Hakuna. Hakuna. Hakuna.
Tangu mwaka aliofariki mama. Hakuna.
Na sisi mezani tulikuwa tukimtania,
tukimnunulia ndoana mpya kila Krismasi.

"Mmepata nini?" Vendelín aliamka.
"Usingizi. Umeupata wewe, mkubwa kabisa."

Kushuka, toroli lilitaka kukimbia.
Tuliling'ang'ania wawili, visigino matopeni,
na baba, mgongo umetuelekea,
masikio mekundu kwa baridi,
akasema: "Liachieni.
Kidogo tu. Liachieni."