Bwawa la Kebirungi

Handaki la Ntusi lina karne zake,
na waliolichimba hawakuacha hata jina.
Walituachia mfereji uliojilaza kama nyoka aliyeshiba,
mbavu za ng'ombe, majivu, vigae,
na swali: walikuwa wakimzuia nani?

Shangazi Kebirungi hakuwa na muda wa swali.
Mvua za Machi zilikuwa mlangoni, mumewe kaburini,
na mashemeji watano, kila mmoja na fimbo yake,
wakilipima shamba lake kwa macho.
Akashuka bondeni, chini ya tuta la kale, na jembe.
Mimi nilibeba udongo kwa karai.

Siku ya tatu jembe lilisema *ki!*
Kigae, kimechorwa kwa kamba iliyobingirishwa
kabla babu wa babu hajaota meno.
Akakipangusa kwa pindo la gauni, akakiweka kando,
akachimba.

"Samaki?" alifoka Rwamukaga, mkubwa wao.
"Katika ukoo wa ng'ombe?
Mdomo uliogusa samaki haugusi kibuyu cha maziwa!"

"Maziwa nimewaachia,"
alijibu, bila kunyoosha mgongo.

Maji yalikuja usiku, hayakupiga hodi.
Kisha vifaranga vya kambare, mia tatu,
kwa bodaboda kutoka Masaka,
ndani ya dumu la manjano, wakihema.
Kumi na wanane walifika wamekufa. Tuliwazika
kwenye migomba, na migomba haikulalamika.

Julai visima vilikohoa vumbi.
Ng'ombe wa Rwamukaga wakasimama penye ua wetu wa miiba,
pembe juu, ndimi kama soli za viatu vikuukuu,
naye nyuma yao, kofia mkononi.
Shangazi aliondoa tawi moja.
Moja tu: wapite mmoja mmoja.

Hakuna aliyetaja samaki.
Pua ziligusa maji. Kutoka gizani kwa chini
akapanda kambare, masharubu nje,
akamtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama,
wakapishana.

Siku hizi nikipita juu ya tuta nawaza
pengine wale wa kale hawakumzuia mtu.
Pengine walikuwa wakiyaomba maji yakae.
Sijui. Nani ajuaye?

Kile kigae?
Shangazi anapimia pumba za samaki.
Vigae viwili asubuhi, kimoja jioni,
na Rwamukaga, akidhani hatumwoni,
huongeza cha nne.