Nyumba ya Kina Garrod

Nimeitwa kung'oa saruji.
Ukuta wa kaskazini umelowa, wanuka uyoga,
na Bi Garrod amechoka kuhamisha kabati.
"Mume wangu aliupiga lipu mwaka wa sitini na tisa,"
asema, "akidhani anauvika koti la mvua."
Kumbe aliuziba pumzi.

Napiga patasi. Saruji yaachia mabamba mabamba,
na nyuma yake matofali mekundu
ya yule babu aliyeuza ngano kwa bei ya vita
akaona haya kukutwa katika nyumba ya miti.
Akaipa uso mpya upande wa barabarani tu.
Upande wa zizi aliuacha ulivyo:
ng'ombe hawana umbea.

Nyuma ya matofali, mwaloni,
nguzo kwa nguzo, mgumu hata msumari wapinda;
kati yake fito zilizosukwa kama tenga
na udongo uliokandikwa kwa samadi na nywele za farasi.
Hapa nasimama.
Kiganja kidogo kimebonyea kwenye udongo, vidole vimetanuka.
Hakuna jina, hakuna mwaka.
Pengine mtoto aliyetumwa maji
akaambiwa asiguse.

Ndani, dari uionayo ilikuja baadaye.
Nyumba ilizaliwa ukumbi mmoja hadi paani,
moto katikati ya sakafu, moshi ukijitafutia njia.
Panda na tochi uzione kenchi:
nyeusi tititi, masizi ya vyakula vya jioni
vya watu waliokohoa karne na nusu
kabla ya Gawen Garrod kushika fedha za sufu,
akasimamisha dohani nene kama mnara,
akatandaza sakafu katikati ya hewa,
akalala juu.
Mkewe, yasemekana, alikesha akishikilia kitanda.

Seremala wa kwanza alikwaruza alama
ili kila kiungo kipate mwenziwe.
Ya saba imeingia tundu la tisa.
Majirani hupenda kusema boriti zilitoka merikebuni.
Hazikutoka merikebuni.
Mtu alikosea tu, Ijumaa labda,
na kosa lake limebeba paa mpaka leo.

Dirisha la ngazini lilizibwa
mfalme alipotoza kodi ya madirisha.
Kodi ilifutwa; tofali likabaki.
"Tumelizoea lile giza," asema Bi Garrod.
"Paka huzalia hapo."
Vitanda vyote vina kabari chini ya miguu miwili.
Ukiangusha pea jikoni
utaikuta mlango wa stoo.

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawa waliziba, wakaziba, wakaziba,
na ukuta ukageuka mwingine mikononi mwao.

Nachanganya chokaa, mchanga, nywele za mbuzi.
Napaka. Ukuta unakunywa.

Alhamisi akaja Bi Frayne wa ofisi ya majengo ya kale,
buti safi, daftari kubwa.
Alizisifu kenchi, akaupapasa mwaloni,
alipofika kwenye kile kiganja akavua miwani.
Kisha akatoka mlango wa mbele,
akakiona kibanda cha plastiki,
manjano, kimeinama, kimefungwa waya pembeni.
"Hiki kiondolewe," akasema. "Hakiendani na nyumba."

Bi Garrod akajifuta unga mikononi.
"Roland alikijenga mwaka ule mgongo ulipoanza kumkatalia.
Najua kinavuja.
Lakini hata dohani, siku ilipojengwa,
unadhani haikumuudhi mtu?
Kingoje. Bado kichanga."

Bi Frayne akaandika kitu, akakikata,
akaanza kuandika tena.
Mvua ya Suffolk ikashuka bila kubisha hodi.
Tukajibana humo sote watatu,
tukisogea kila tone lilipotufuata.