Sifuri Nukta Nne Tano

Betri ya tatu hii, na Januari haijafika katikati.
Ya kwanza tulisema uzee.
Ya pili nikamlaumu muuzaji wa barabara ya stesheni
aliyenihudumia huku akitafuna mbegu za alizeti.
Ya tatu niliinunua kwa pesa ya viatu,
na saa kumi na moja alfajiri, Suwałki ikiwa nyuzi
kumi na tisa chini ya sifuri, nikazungusha ufunguo:
ta. Ta.
Kisha hata hiyo ta ikakata.
Nikaenda zamu kwa miguu, wagonjwa wakanionea huruma.

Baba hakunipa pole. Zenobiusz, miaka thelathini na moja
kwenye nyaya za reli, haamini pole, anaamini kipimo.
Na gari hulitaja kama mtu:
amechoka, hajaamka, leo kanuna.
"Usimnunulie tena kitu," alisema niliporudi.
"Kwanza tujue nini kinammaliza."

Boneti juu. Spana namba kumi, ncha hasi.
Akaipachika mita kati ya betri na waya wake
kama bawabu anayehesabu wanaotoka.
Tukangoja. Gari la siku hizi halilali mara moja,
lina vijikompyuta vinavyojigeuzageuza kitandani.
Dakika ishirini. Pua zetu zikawa za watu wengine.
Kisha namba ikatulia: sifuri nukta nne tano.
Ilipaswa kuwa sifuri nukta sifuri tatu.
"Ona," akasema, nusura afurahi. "Anavuja."

Hesabu akaiandika kwa kidole kwenye jalidi ya kioo:
karibu ampea kumi na moja kwa siku.
Nami nikipata mapumziko, napata siku nne mfululizo,
nimejifungia chumbani, lenyewe limefungwa uani,
siku ya tano sote wawili hatuwaki.

Fyuzi tukazing'oa moja moja kwa kibano changu cha nyusi.
Redio: nne tano. Honi: nne tano.
Kiti cha joto, nilichokishuku tangu Desemba: hakina hatia.
Ya kumi na nne, nyekundu, ukubwa wa ukucha,
na namba ikaanguka kama ndoo kisimani.
Baba akaibusu fyuzi. Sijamwona akibusu kitu
tangu tulipomzika mama.

Inalisha saa, taa ya paa, taa ya buti.
Ya paa tunaiona imezima. Ya buti je?
Ukifungua uitazame, inawaka kwa sababu umefungua.
Tukairudisha fyuzi. Nikaiweka simu irekodi, nikailaza
kati ya minyororo ya theluji na katoni za vyombo
ambazo tangu nirudi kutoka Gdynia sijazishusha.
Nikafunga. Nikaenda kuchemsha chai.

Video ina dakika sita.
Kifuniko kinashuka, pu, na mwanga haukatiki.
Unamulika mwandiko wangu kwenye katoni: JIKONI. VIOO.
Theluji iliyoganda kwenye mnyororo inaanza kudondoka.
Dakika ya nne sauti inaingia, kama ya mtu chini ya blanketi,
Bi Stefania wa jirani, uzioni:
"Anaendeleaje?"
Na baba: "Mchana hana neno. Shida ni usiku.
Ukifunga mlango unadhani amezima,
kumbe anawaka peke yake hadi asubuhi."
Sepetu inakwaruza barafu.
"Sasa utafanyaje, Zenek?"
"Nimeanza kupima."

Nimeirudia mara tatu. Sijamwuliza alimsema yupi.

Swichi ya kitasa ilikuwa imeliwa na chumvi ya barabarani,
mpya italetwa Alhamisi. Kwa sasa baba aliing'oa balbu,
akaniwekea kiganjani bila neno, nami nikafumba vidole:
ilikuwa bado ya moto.
Kisha tukashusha katoni. Mbili tu.
Zilizobaki ni nzito.