Saa Nne Milango Inafunguliwa

Nimeitandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
pembe moja nimeibana kwa chupa ya maziwa,
ya pili kwa kiwiko cha Ruuben,
mwenye miaka tisa na subira ya kuku.
"Makumbusho ya ndege yapo hapa," anasema,
na kidole chake kina siagi,
kwa hiyo kusini mwa Tartu sasa pana doa
linalong'aa, kubwa kuliko ziwa.

Safari ni ya siku mbili. Mhimili wake ni ndege;
mengine tunayafungia pembeni
kama mizigo ya baiskeli.
Tarmo anataka tupitie Otepää
kwa fundi wa kunoa misumeno.
Mimi naomba saa moja tu ufukweni mwa ziwa,
nikae, nisiulizwe soksi ziko wapi.
Shangazi Helju amepiga simu mara mbili:
sauna itakuwa moto kuanzia saa kumi na mbili,
atakayechelewa ataoga na mvuke wa jana.

Naandika, nafuta, naandika.
Petroli. Makoti ya mvua. Tiketi ya familia.
Hapo kalamu inagoma:
familia ni watu wangapi?

Maana Endel, baba mkwe wangu, amesema haendi.
Alisema mara moja tu, akimenya kiazi,
bila kuinua uso:
"Ndege nimeziona."

Ameziona kweli. Miaka kumi na minane
alikuwa fundi wa ndege ya shamba la ushirika,
ile yenye mabawa ya ghorofa,
iliyomwaga mbolea juu ya shayiri
huku ikikoroma kama mtu aliyelala chali.
Aliijua kwa harufu, kama mtu anavyojua
sufuria ipi imeanza kuungua.
Kisha shamba likavunjwa. Wakaja watu na lori,
wakaikata mabawa, wakaipima kwa kilo.
Hayo hakutuambia yeye.
Tuliambiwa na jirani, siku ya mazishi ya mkewe,
kwa sauti ya chini, kati ya supu na kahawa.

Ruuben hajui. Ruuben anasoma tu:
"Babu, wanayo moja kama yako. Iko nje, kwenye nyasi.
Unapanda ngazi, unaingia mpaka ndani."
"Rangi gani?"
"Ya njano."
"Yetu haikuwa ya njano,"
na kiazi kikadumbukia majini kabla ya kumenywa.

Alhamisi, utabiri unasema mvua,
halafu unasema pengine.
Nahamisha ziwa liende Jumapili.
Nahamisha chakula cha mchana, nakirudisha.
Tarmo anauliza misumeno imekwenda wapi.
Nimeifuta, namwambia, nafasi haitoshi,
na sitaji sababu,
naye ananitazama kidogo, hasemi neno.

Ijumaa usiku nashuka kupakia gari.
Kwenye kiti cha nyuma kuna mfuko nisioupanga:
tochi, glavu zilizokakamaa,
kitambaa cha kufutia mafuta, kimefuliwa, kimekunjwa mara nne,
na mkate mweusi wenye samaki wa kopo,
vipande vinane.
Endel amesimama mlangoni, mikono mifukoni.
"Nitakaa garini," anasema.
"Lazima mtu alinde gari."
"Lazima," namjibu.

Juu, chini ya mwanga wa jiko, naikamilisha orodha.
Tiketi ya familia: wanne.
Saa nne milango inafunguliwa.
Mbele ya saa ya kuondoka naacha nafasi tupu.

Ruuben amelala na viatu miguuni.
Saa sita na nusu nasikia maji bafuni,
kisha wembe ukigongwa kwenye ukingo wa sinki,
tena, na tena, polepole:
ananyoa ndevu, mlinzi wetu wa gari.