Pale Mkono Usipofika

Kokoto, debe moja, shilingi thelathini.
Naanza na hilo kwa kuwa daftari huanza hivyo,
na daftari ni mimi ninayelishika:
Kache, katibu, darasa la sita,
kalamu nimeifunga uzi nisije nikaikalia.

Hapa Maweni jina halikukosewa.
Chini jiwe, juu jua,
katikati ni sisi na nyundo zetu,
kila mmoja na kivuli chake cha makuti
kisichozidi upana wa leso.
Tunagonga matumbawe.
Mbodze husema yalikuwa bahari haya,
ukiliramba jiwe utaonja chumvi.
Nililiramba. Ni jiwe.

Ikifika saa sita hatujulikani.
Vumbi limeingia nyusi, kope, masikio,
tumekuwa weupe kama andazi kabla ya mafuta.
Mtalii mmoja alisimamisha gari akatupiga picha.
Barke, aliyewafulia mashuka miaka saba
kabla hoteli haijafungwa,
akamwambia neno la Kitaliano
ambalo mpaka leo amekataa kututafsiria.

Sasa upatu. Tuko kumi na mmoja,
mia tano kila mwezi ukiandama,
na mwezi ule zamu ilikuwa yangu.
Arubuni ya cherehani.
Nilikwisha kuichagua dukani,
nikaishika bega kama mchumba.
Ndipo Mbodze akapasuliwa.
Mtoto akatoka mzima, bili ikatoka nzima zaidi,
hospitali ikamweka mama kitandani kama rehani.

Hakuna aliyeniomba. Liandikwe hilo.
Waligonga mawe tu,
ko, ko, ko,
na katikati ya ko na ko
nikasikia jina langu.

Nilitoa. Msinisifu.
Nilitoa nimeuma meno, noti nikazihesabu mara tatu,
usiku nikageuka na kugeuka
nikishona gizani kwa cherehani nisiyokuwa nayo,
dera, marinda, sare za shule,
nikamlaani Mbodze na uzazi wake.
Alfajiri nikambebea uji.
Moyo una vyumba. Mwenye laana na mwenye uji
hulala nyumba moja.

Mwaka ukapita. Hakulipa, hakutaja.
Nami ukurasa wa nyuma kabisa
niliandika kwa herufi za sisimizi:
Mbodze, elfu tano na mia tano.

Kisha nyundo ikakosa jiwe, ikanipata mimi.
Kidole gumba, cha kulia, cha kuandikia.
Uvimbe ukapanda hadi kiwiko.
Siku kumi na tisa siwezi kufunga leso,
siwezi kukoga nikakogeka,
na vumbi la Maweni halitoki kwa kumwagiwa,
lataka kusuguliwa.

Kila magharibi mlango ulisukumwa bila hodi.
Mbodze, mtoto mgongoni, dumu kichwani,
dodoki limechomekwa kiunoni.
"Geuka."
Hilo tu. Nikageuka.
Akaanzia shingoni, akashuka
hadi pale kati ya mabega
ambapo mkono wa mwenyewe haujapata kufika
tangu kuumbwa,
na maji yakawa maziwa,
yakawa maziwa tena,
kisha yakawa maji.
"Haya. Weusi wako huu hapa, nimekurudishia."
Mtoto akanipiga kofi mgongoni, pa,
kama mtu anayejaribu ngoma kabla ya kuinunua.
Nikalia. Nikasingizia povu.

Siku hizo daftari lilikuwa kwa Barke.
Liliporudi nikalifungua nyuma, kwa siri,
nikakuta deni langu lipo, halikufutwa,
na chini yake, kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino:
Kache, mgongo, mara kumi na tisa.

Sijauchana ukurasa ule.
Sijui hata nani anamdai nani.

Mwezi huu zamu ni ya Nyevu, anaezeka mabati.
Cherehani? Bado ipo dukani.
Arubuni imepanda.