Bei ya Herufi

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
naandika vibao vya makaburi,
mia tano kila herufi, rangi juu yangu.
Bi Mwantumu kaja na karatasi iliyokunjwa mara nne:
Mwana wangu Shekue, mtulivu.

Nikamwambia, mama, sema mwanangu,
utaokoa herufi mbili, elfu nzima hiyo.
"Na hiyo wa inakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu.
Nilisoma Kiingereza cha jioni kwa mwalimu Mdoe, Chumbageni,
nikaacha kabla ya mtihani, lakini hili nalikumbuka:
Mwingereza akimeza herufi
hutundika koma juu, palepale ilipofia,
apitaye ajue palikuwa na mtu.
Sisi tunameza, tunafuta mdomo.
Babangu. Mkewe. Nduguzo.
Hakuna hata tuta.

Nikakimbilia neno la mwisho.
Hili limetoka kwenye kutulia, mama.
Ukilitia vu mkiani, tendo linageuka tabia.
Kwani alitulia lini?

Akacheka, akashika ubavu.
"Huyo? Hakutulia hata tumboni.
Katulia Jumanne."

Nikainua kitambaa nifute.

"Liache," akasema. "Sasa ndiyo tabia yake."

Akalipa, akahesabu chenji, akaenda.
Rangi ilipokauka
nikachovya brashi ile nyembamba,
nikaweka koma juu, kati ya mwana na ngu.
Hiyo sikumtoza.